Mita Haijui Kwamba Ni Usiku

Wiki hii swali limetoka kwa msichana wa Mabatini, pale Mathare, ambaye hupiga picha za mtaa wake jioni, majiko ya chapati yakiwashwa na watu wakirudi kutoka vibaruani. Ana kamera ya mtumba na mita ya mwanga ya mkononi, ya mtumba vilevile. Anasema anaifuata mita neno kwa neno, lakini usiku wake ukiingia kwenye picha unafanana na saa tisa alasiri ya siku ya mawingu: anga la kijivu, vichochoro vya kijivu, na kila taa imegeuka baka jeupe lisilo na umbo. Anauliza kama aliuziwa kitu kibovu.

Hukuuziwa kibovu, mdogo wangu. Mita yako inafanya kazi yake barabara, na shida yenyewe iko hapo. Haijui kwamba ni usiku. Haijui kama kilicho mbele yake ni mabati, ni moshi, au ni uso wa mama anayekaanga samaki. Inachojua ni kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka huko mbele, basi. Halafu inachukulia kwamba chochote inachotazama, kwa wastani, ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, na inakupa namba za kukifanya kiwe kijivu hicho. Ielekeze kwenye shuka jeupe, utapata shuka la kijivu. Ielekeze kwenye gunia la makaa, utapata makaa ya kijivu. Ielekeze kwenye uchochoro saa moja na nusu usiku, ambao sehemu yake kubwa ni weusi mtupu, nayo itakazana kuuamsha weusi huo wote, na taa chache zilizomo zitaungua.

Kwa hivyo, kabla hujafungua pochi kununua kifaa kingine, amua wewe nini kiwe cheusi katika picha yako. Mita haikuamulii hilo. Ukiwa na haraka, fanya hivi: ukisoma mandhari nzima ya usiku kwa mita ya kamera, punguza stopu moja, na kama weusi umetawala, punguza mbili. Stopu moja ni kukata mwanga nusu, au kuuongeza maradufu. Usiku utarudi kuwa usiku. Lakini hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu tu, na mimi nataka tutibu.

Tuanze na saa, maana wengi wenu mnachelewa. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na jua letu halina mbwembwe. Mwaka mzima linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Likishazama, mwanga wa kumwezesha mtu kutembea bila taa unakaa dakika ishirini na kidogo. London, katikati ya Juni, kipindi hicho hicho huzidi dakika arobaini. Ndiyo maana mafunzo mengi mnayotazama kwenye simu, yaliyoandaliwa na watu wa nchi za baridi, yanawaambia mjipange taratibu, mfungue tripodi, mnywe kahawa, msubiri ile saa ya buluu. Kwetu hakuna saa ya buluu, kuna dakika za buluu. Anga likiwa wazi, tangu jua linapozama hadi mwisho wa dakika hizo ishirini, mwanga hupungua zaidi ya mara mia moja, yaani karibu stopu saba. Gawanya mwenyewe: ni stopu moja kila dakika tatu, na mwishoni huenda mbio zaidi kuliko mwanzoni. Namba ulizosoma ukinunua smokie kule juu Juja Road, ukifika mtoni zimeshachacha.

Na Mathare ina giza lake la ziada. Ni bonde, kwanza. Ukishuka kuelekea Mto Mathare unaliacha anga nyuma ya paa za watu, na kila hatua inakula mwanga. Halafu kuna ghorofa za Mlango Kubwa na Huruma, zilizosimama zikiangaliana kwa karibu hivi kwamba huko chini, kwenye maji ya kufulia na waya za stima, kuna jioni hata saa saba mchana. Ongeza lile wingu zito la Julai linalokaa juu ya Nairobi siku nzima kama limelipia kodi. Msomaji wa Mabatini amesema hupiga picha jioni, lakini nakuambia dada, mwanga hafifu huko kwenu si wa jioni pekee. Zoea kusoma mita upya kila unapokata kona, na uisome pale alipo mtu, si pale ulipo wewe.

Hapo ndipo lile kuba dogo jeupe la plastiki lililo juu ya mita yako linapoingia kazini. Najua wengi mnalichukulia kama pambo, na wengine wamelipoteza.

Kuna namna mbili za kusoma mwanga. Ya kwanza ni kusimama kwenye kamera na kuelekeza mita kwa kitu, ikasoma mwanga unaorudi. Mita iliyo ndani ya kamera, na ile ya simu ukipiga picha, haina njia nyingine isipokuwa hiyo, ndiyo maana kila kitu kwake ni kijivu. Ya pili ni kwenda mpaka alipo mtu, kuweka kuba jeupe juu ya jicho la mita, kuligeuza litazame kamera, na kusoma mwanga unaomwangukia yeye. Mita ikisoma hivyo haijali kama mtu amevaa kanzu nyeupe ama koti jeusi, wala haijali nyuma yake kuna giza kiasi gani. Inahesabu mwanga uliopo. Cheusi kitatoka cheusi, cheupe kitatoka cheupe, na uso utatoka ulivyo.

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga chini ya balbu moja iliyoning'inia kwenye kibanda. Kamera itaona balbu, itaona giza la nyuma, itachanganyikiwa kati ya hivyo viwili. Wewe omba ruhusa, sogea, weka kuba karibu na shavu lake likitazama ulikoacha kamera, na uangalie mwili wako usimkinge mwanga. Tuseme mita, ikiwa kwenye ISO 100, inasema EV 6. EV ni namba moja tu inayobeba kasi ya shata na tundu la lenzi kwa pamoja. Kwa EV 6, ukipandisha kamera hadi ISO 1600 na kufungua lenzi hadi f/2.8, unapata shata ya 1/125. Hiyo inatosha kushika mkono unaokata sukuma wiki bila ukungu mwingi. Sasa ligeuze kuba litazame balbu yenyewe, usome tena, halafu litazame upande wa kivuli. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayokuambia picha itakuwa kali kiasi gani. Ikizidi stopu tatu, upande mmoja wa uso utazama gizani. Mimi huuacha uzame. Wako wapiga picha ambao hawalali mpaka kila kona ya uso ionekane, na matokeo yake ni picha za kitambulisho zilizopigwa usiku.

Jambo lingine kuhusu balbu hiyo: iko karibu, na taa iliyo karibu ina hasira. Mama akiwa futi mbili kutoka kwenye balbu, kisha akarudi nyuma hadi futi nne kumtafutia mteja chenji, umepoteza stopu mbili nzima. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo mteja anayesimama mbele ya kibanda na muuzaji aliye chini ya balbu hawawezi kuwa sawa katika picha moja, hata ufanyeje. Chagua mmoja. Msome huyo.

Na usipoweza kumkaribia mtu? Pengine yuko ng'ambo ya mto, pengine ni boda boda anayepita, pengine humjui na si vizuri kumsogezea kifaa usoni. Simama wewe mahali penye mwanga unaofanana na wake, umbali ule ule kutoka kwenye taa ile ile, na usome hapo. Ukikosa kuba, tumia kiganja chako. Kielekeze kwenye mwanga unaomwangukia mtu huyo, kisome kwa mita ya kamera kikiwa kimejaa kwenye fremu, kisha ongeza stopu moja. Kiganja ni cheupe kuliko kile kijivu cha katikati, hata kwetu sisi tulio weusi, maana viganja vyetu havifuati rangi ya uso. Usisome mgongo wa mkono ukadhani ni kitu kimoja.

Nimetaja weusi, basi tulizungumze hili kikamilifu. Kwa miaka mingi maabara za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ilikuwa ndiyo kawaida, wengine wote tukawa shida ya kutatuliwa baadaye. Mita yenyewe haina ubaguzi huo, kwa sababu haina ngozi yoyote kichwani mwake, ina kijivu. Lakini ukiielekeza kwenye uso mweusi sana moja kwa moja, itauinua hadi kijivu hicho, na mtu atatoka amepauka kama aliyejipaka poda. Hapo punguza kidogo, nusu stopu au stopu moja, usizidi. Gizani kamera ya dijitali hujaza vivuli kwa chenga, na ukipunguza kupita kiasi, utapoteza shavu, utapoteza nywele, utabaki na macho na meno. Picha za namna hiyo tumechapishiwa vya kutosha na magazeti ya dunia. Soma kwa kuba ukiweza, usiwe na haja ya kupunguza wala kuongeza.

Nirudi kwenye mita ya mtumba, maana swali lilikuwa la mita. Kwenye soko la vilivyotumika utakutana na vizazi vitatu. Cha kwanza ni cha seleniamu, kama zile Weston za zamani na Sekonic L-398. Mita hizi haziombi betri, mwanga wenyewe ndio unaosukuma sindano, na kwa jua la mchana ni tamu sana. Lakini mwanga ukiwa mdogo, wa kusukuma sindano atakuwa nani? Jioni ya Mathare sindano italala tu. Ikiwa mita uliyouziwa ina dirisha pana lenye vitundu vingi kama sega la nyuki na haina mahali pa betri, basi si mbovu, ila umeipa kazi ya usiku nayo ni ya mchana.

Kizazi cha pili ni cha kadmiamu salfaidi, kinachotumia betri. Gossen Lunasix ya Ujerumani, ya miaka ya 1960, ni ya kundi hili, na ilisifika kwa kuweza kusoma hata mwanga wa mwezi. Ina tabia mbili za kuzijua. Ya kwanza, ina kumbukumbu: ukiitoa kwenye mwanga mkali na kuipeleka gizani hapo hapo, inaendelea kuona mwanga usiokuwapo. Ipe dakika mbili tatu ikiwa imefunikwa. Ya pili, zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 inayolingana kwa umbo, itawaka, itakupa namba, na namba zitakuwa za uongo. Betri za vifaa vya kusikia za volti 1.4 zinakaribia zaidi, ingawa hazidumu.

Kizazi cha tatu ni cha silikoni, hizi mita za namba za kisasa. Haraka, hazina kumbukumbu ya kukusumbua, na nyingi hushuka hadi EV 0 bila kuteta. Ukiwa wa kununua, nunua ya aina hii hata kama ni ndogo na haina umaridadi. Kabla ya kulipa, isome pamoja na kamera unayoiamini: ukuta mmoja, usio na kivuli, kwanza nje kwenye jua, kisha ndani ya duka, kisha chini ya kaunta. Ikitofautiana na kamera kwa kiasi kile kile mara zote tatu, hiyo si kasoro, utairekebisha kichwani. Ikikubaliana nje na kukosana chini ya kaunta, mrudishie mwenyewe.

Na asiye na hela ya mita? Una simu. Programu za mita za bure ni za aina mbili. Moja hutumia kamera ya nyuma, kwa hiyo inasoma mwanga unaorudi, na ugonjwa wa kijivu inao. Nyingine, kwenye simu za Android, hutumia kihisi kidogo kilicho juu ya skrini, kile kinachopunguza ung'aavu wa skrini ukiingia gizani. Hiyo inasoma mwanga unaoangukia simu, na hukupa jibu kwa lux. Kugeuza lux kuwa EV ya ISO 100 hakuhitaji shahada: lux 2.5 ni EV 0, na kila ukizidisha mara mbili unapanda ngazi moja. Lux 5 ni EV 1, 10 ni EV 2, 20 ni EV 3, hadi lux 160 ambayo ni ile EV 6 ya mama wa mboga. Simu nyingi za bei nafuu huanza kubahatisha mwanga ukishuka sana, na namba huruka badala ya kushuka. Lakini chini ya taa ya dukani inakutosha.

Ukisoma mita ya sindano gizani utahitaji tochi uone sindano. Soma kwanza, funga sindano kwa kitufe chake, ndipo uwashe tochi. Nimeona watu wakisoma mwanga wa tochi yao wenyewe kisha wanalaumu kamera.

Sasa zile taa kubwa, mulika mwizi. Hizi nguzo zilizopita mapaa yote zimebadilisha usiku wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Kampeni ya Adopt-a-Light ya Esther Passaris, iliyoanza 2002, ilisaidia kuzieneza. Kwa mpiga picha ni baraka yenye masharti. Kwa kuwa taa iko juu sana, mwanga wake chini ni wa kiasi kimoja eneo pana: mtu akisogea hatua kumi, mita haisogei sana, tofauti kabisa na balbu ya kibanda. Unaweza kusoma mara moja ukapiga muda mrefu. Tegemea EV 2 au 3 hivi ukiwa mbali kidogo na nguzo, zaidi ukiikaribia. Kwa EV 3, ISO 3200 na lenzi ya f/2 zinakupa shata ya 1/60. Ile lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo karibu kila kampuni inaiuza kwa bei ya chini kuliko lenzi zake nyingine, hapa ina faida kuliko zumu yoyote iliyokuja na kamera.

Masharti ni matatu. Mwanga unatoka juu moja kwa moja, kwa hiyo macho yanageuka mashimo. Mita haitakuonya. Mweke mtu karibu na ukuta wa mabati mapya, mabati yatarudisha mwanga usoni, na utaiona mita ikipanda. Sharti la pili ni rangi. Taa za sodiamu za zamani ni za manjano na zina rangi nyingine chache sana ndani yake. Leso nyekundu na leso ya kijani chini yake huja zikikaribia kufanana, na hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha rangi ambayo haikuwapo. Za LED ni nyeupe na zina nafuu. Mita inapima wingi wa mwanga tu, rangi haiijui. La tatu ni kupepesa. Stima ya Kenya ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kugundua. Shata ya haraka sana, tuseme 1/500, inaweza kudaka taa ikiwa imefifia, au kukuachia michirizi kwenye picha. Kaa kwenye 1/50 au 1/100 ukiweza. Kwa bahati nzuri giza lenyewe litakulazimisha.

Usiamini pia skrini ya kamera usiku. Gizani jicho lako limefunguka, skrini inang'aa, na picha iliyo chini ya kiwango itaonekana kama imeiva. Angalia histogramu, na upige faili ghafi, yaani RAW, ili makosa ya stopu moja yasikuue.

Wachache wenu mnaotumia filamu, nina neno moja tu. Shata ikizidi sekunde moja, filamu huanza kuchoka, na mita haijui hilo. Kwa Tri-X, mita ikisema sekunde 10, Kodak wenyewe walielekeza sekunde 50. Kila filamu ina jedwali lake, litafute kabla hujatoka nyumbani.

Nasikia mwingine akisema, Dada, hayo yote ni ya watu wenye vifaa. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, pamoja na MYSA, kile chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, waliwapa vijana wa hapo kamera za plastiki za bei ya chini wapige maisha yao wenyewe. Mradi uliitwa Shootback, na mwaka 1999 picha zao zikatoka kama kitabu. Julius Mwelu alikuwa mmoja wa watoto wale. Alikua akawa mpiga picha, akaanzisha Mwelu Foundation hapo hapo Mathare kufundisha watoto wengine picha na filamu. Ukivuka Juja Road tu uko Eastleigh, alikozaliwa Mohamed Amin mwaka 1943, yule ambaye filamu yake ya njaa ya Ethiopia ya Oktoba 1984 ilifunguka na alfajiri ya Korem, mwanga ukiwa ndio kwanza unachipuka. Kwa hiyo usinieleze kuhusu vifaa. Ila usinieleze pia kwamba mita haina maana kwa sababu wale hawakuitaja. Kamera ya bei rahisi huomba mwanga usomwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa yenyewe haivumilii makosa.

Sasa niongee kama dada, si kama fundi wa kamera. Kuisogeza mita kwenye shavu la mtu ni kumgusa bila kumgusa. Salimia kwanza, nunua hata mwiko mmoja wa githeri kama njaa ipo, eleza kifaa ni cha nini, mwache akishike. Akikataa, amekataa. Kuna watu kando ya mto wanaopika chang'aa, na kwao picha yenye uso ni kesi mahakamani. Hao huwapigi, hata mwanga wa moto ule uwe mzuri namna gani, na usisome mita ukiwaelekea maana hawatajua kwamba si kamera. Watoto, muulize mzazi. Usitembee peke yako na kamera shingoni baada ya saa moja hata kama umezaliwa Mabatini. Nenda na mtu anayejulikana na vijana wa huko unakoenda, kwa sababu mtaa wako na mtaa wa pili si kitu kimoja usiku. Simu yenye programu ya mita isome ukiwa umeegemea ukuta wa duka lililo wazi, usisimame katikati ya njia ukiwa umeinamia skrini. Na kabla hujatoka, mwambie mtu nyumbani utapita wapi.

Kwa msomaji wetu wa Mabatini nina zoezi, na ukilifanya hutaniuliza tena kama mita ni mbovu. Chagua jioni moja isiyo na mvua. Usipige mtu. Simama mahali pamoja panapoona anga na pia mulika mwizi, hata kama ni mlangoni kwenu. Kuanzia jua linapozama, kila baada ya dakika tatu soma mara mbili: anga la upande wa machweo, kisha ukuta ulio chini ya ile taa. Andika namba zote kwenye daftari, na saa, na tarehe. Mwanzoni anga litakuwa juu ya ukuta kwa mbali. Halafu litashuka, ukuta utabaki pale pale kwa sababu taa haichoki, na dakika moja itafika namba hizo mbili zitakuwa sawa. Hapo anga bado lina buluu, taa bado ina umbo, uso wa mtu chini ya taa unasomeka, na kamera haihitaji kumwonea yeyote. Pale kwenu itakaa dakika nne au tano, kisha anga litazama na utarudi kwenye giza lako la kijivu. Jioni inayofuata uwe umeshasimama hapo mapema, umeshasalimia watu, umeshasoma shavu la mama wa mboga, na shata umeshaiweka.